Ndevu za mti unazihesabuje?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mi ni mpagazi njia ya Machame, tukipita msituni kuna zile ndevu za kijivu zinaning'inia kwenye miti, juzi mgeni akaniambia hizo ni laikeni na ziko laikeni duniani zinakaribia kutoweka. Sasa tembo nitamhesabu, huyu mmoja huyu wa pili, hivi vitu vimetapakaa mti mzima unaanzia wapi? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Marahaba. Hapo hapo ndo wataalamu wenyewe walipokwama. Laikeni, au kuvumwani, si mmea, ni kuvu inayoishi na mwani au bakteria ndani yake, na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, kwenye Orodha Nyekundu yao ya viumbe vilivyo hatarini wanaipima kwa vigezo vile vile vya tembo: waliokomaa wakibaki chini ya 50 dunia nzima basi hali ni mbaya kabisa, chini ya 250 bado ni hatari. Ila "mmoja" ni yupi? Kipande kikimeguka kikaota tawi la chini, ni mtoto au ni yule yule? Basi wengi wakaona bora mti mmoja uhesabiwe kama mmoja, hata uwe na vipande ishirini, manake mti ukianguka vyote vinakwenda.

Cheki hii ya Kanada, Erioderma pedicellatum, iliingia kwenye orodha 2003. Ni kama jani dogo la sentimita chache, ikikauka ni kijivu-kahawia, ikilowa inageuka rangi ya samawati hivi, kingo zimejikunja juu nyeupe na ina vinyweleo kama blanketi. Haina mizizi, inafyonza mvua na ukungu kwa mwili wote, kwa hiyo moshi wa viwanda na mvua ya asidi vinaiingia moja kwa moja. Sweden imeshapotea. Kisiwani Newfoundland bado ipo kwenye miti jamii ya misonobari, ukihesabu leo unaweza kusema mbona iko poa tu, kumbe kuna wale kulungu wakubwa kama farasi, musi, binadamu ndo aliwaleta, wanne waliachiwa 1904 wakazaana mno, wanatafuna miche ya miti hiyo, miti mizee inaanguka na hakuna ya kuirithi. Ndo maana hawaangalii idadi ya leo tu, wanapima imepungua kiasi gani kwa miaka 10 au vizazi vitatu, chochote kilicho kirefu zaidi, na vizazi vya laikeni mzee wangu havina haraka.

Eneo wanalipima kwa miraba ya kilomita 2 kwa 2, ikionekana mraba unahesabika. Kwa hiyo ukipiga picha huko Machame andika na mahali, laikeni nyingi sana hazijawahi kupimwa kabisa.

SWALI: Mparachichi wangu umejaa madoa ya kijivu, nikwangue? (Msomaji, Rungwe)

JIBU: Acha. Hiyo nayo ni laikeni, hainyonyi mti, imekaa tu juu ya gome. Kama mti unakonda kachimbe uangalie mizizi.