Swali: Nina miaka 19, nijiunge na jeshi la majini au nisubiri?
Umri si tatizo, mdogo wangu. Tatizo ni kusaini kabla hujajua utapangiwa kazi gani. Dai fani iandikwe kwenye mkataba. Ahadi ya mdomo ya mwandikishaji haina uzito. Kapime macho mapema: asiyetofautisha nyekundu na kijani hukosa kazi za usukani, maana usiku taa nyekundu ni ubavu wa kushoto wa meli, kijani ni wa kulia. Ugonjwa wa zamani usiufiche, ukigundulika unaweza kufukuzwa.

Zamu ya kawaida baharini ni kukaa kazini kwa muda wa saa 4, kisha saa 8 nje ya zamu. Usizihesabu hizo 8 kuwa za kupumzika tu: humo mna usafi, matengenezo na mazoezi ya kuzima moto. Mawimbi utayazoea, usingizi wa vipandevipande ndio kazi.