Kubadili bima ya kazini huku uko kwenye bima ya mkeo

Kaka, umeuliza kama bima ya mkeo itakubeba kwa zile wiki ambazo kazi ya zamani imekutoa na mwajiri mpya bado hajakuandikisha. Itakubeba, ila waambie watu wa bima hiyo mapema. Kwenye faili lao wewe una bima nyingine inayolipa kwanza, wao wanamalizia tu kilichobaki. Usipowaandikia tarehe ambayo bima yako ya kazini inakwisha, watarudisha madai yako wakidai karatasi ya malipo kutoka bima ambayo imeshakufa.

Yalinikuta hapa Kampala. Nimeweka kidole kwenye mashine ya kliniki, kadi ikakataa, nikatoa shilingi 180,000 taslimu. Nilirudishiwa baada ya miezi miwili, tena kwa sababu nilitunza risiti halisi yenye mhuri na fomu aliyojaza daktari. Nakala ya simu waliikataa.

Kabla hujaondoka kazi ya zamani, omba barua inayoonyesha ulikuwa na bima tangu lini hadi lini. Bima mpya nyingi zina kipindi cha kusubiri, yaani muda ambao bado hawalipi, kwa uzazi na magonjwa ya kudumu kama kisukari, na barua hiyo huwa inasaidia kukipunguza, hasa ukiingia na kundi la wafanyakazi. Dawa za presha chukua sasa, kabla bima ya zamani haijakwisha.

Kulipwa bili nzima na bima zote mbili sahau. Na kama kuna upasuaji umepangwa, muulize HR (ofisi ya wafanyakazi) wa kazi mpya tarehe kamili ya bima kuanza, kwa maandishi, si kwa mdomo.