Bustani Yetu: Vitunguu vya Maua, Baridi ya Ugenini na Mvua ya Kwetu

SWALI: Ndugu mhariri, shangazi yangu anayeishi Uholanzi aliniletea vitunguu vya tulipu. Nilivipanda hapa Soweto, Moshi, katika udongo wenye mboji na sikuvikosesha maji, lakini vilitoa majani mafupi kisha vikanyauka bila kuchanua. Kasoro ni nini, na je, nijaribu tena?
Msomaji wa Soweto, Moshi

JIBU: Ndugu msomaji, kasoro haiko kwenye udongo wala maji. Kilichokosekana ni baridi. Ukikipasua kitunguu cha tulipu katikati kwa kisu chenye makali, utaona magamba meupe mazito yamekumbatia kichipukizi cha rangi ya kijani iliyofifia, na ndani ya kichipukizi hicho, ukitazama kwa makini, limo ua zima katika udogo wake. Ua hilo hutengenezwa kabla hata kitunguu hakijapandwa, ila shina lake halirefuki ipasavyo mpaka kitunguu kikae majuma 12 hadi 16 katika baridi isiyozidi nyuzi 9 hivi za Selsiasi. Kipupwe cha Moshi mjini, hata Julai, hakikaribii hali hiyo.

Mmea huu ulizoea maisha hayo milimani. Tulipu za porini nyingi ni za Asia ya Kati, hasa kwenye safu za Tien Shan na Pamir, ambako theluji hufunika ardhi majira yote ya baridi. Theluji ikiyeyuka, mmea huwa na majuma machache tu ya unyevu na jua la kadiri, kwa hiyo huchanua upesi, hujaza akiba katika kitunguu kipya, kisha majani hufa na kitunguu hulala chini ya udongo mkavu wakati wote wa joto kali. Huko Kazakhstan iko hifadhi ya Aksu-Zhabagly, iliyoanzishwa mwaka 1926, ambamo Aprili na Mei huonekana Tulipa greigii, yenye ua kubwa jekundu na majani yenye michirizi ya zambarau iliyokolea. Mtu akijaliwa kusafiri, ni heri akaione huko, kwa maana hapo ndipo utaelewa kwa nini mmea huu una haraka kiasi hicho.

Ukitaka kujaribu tena, weka vitunguu kwenye mfuko wa karatasi katika friji, si katika friza, kwa muda niliokwisha kuutaja. Usiviweke pamoja na ndizi mbivu, parachichi wala tufaha, kwa sababu matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini inayoua ua likiwa bado ndani. Baada ya hapo uvipande chunguni, mahali penye ubaridi. Utapata ua mara moja, na mara nyingi halitarudi mwaka unaofuata. Kwa maoni yangu inafaa kufanya hivyo mara moja kwa ajili ya kuona, lakini si jambo la kutumia fedha kila mwaka.

Liko jambo zito zaidi. Vitunguu kutoka nje vinatakiwa kuwa na cheti cha afya ya mimea na kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Kuna minyoo midogo sana ya shina na kitunguu ambayo hushambulia tulipu na pia vitunguu vya kula, na sisi tunao wakulima wa Mang'ola wanaotegemea zao hilo kwa riziki yao. Tafadhali mweleze shangazi hivyo kwa heshima kabla hajafunga tena sanduku.

SWALI: Hapa Tengeru, mvua zinapoanza, huchipuka ua jekundu la duara ambalo hutangulia majani yake. Kijana mmoja ananiuzia vitunguu vyake alivyochimba msituni. Je, ninunue?
Mwalimu, Tengeru

JIBU: Mwalimu, ua hilo kwa maelezo yako ni Scadoxus multiflorus, nami naliona kuwa zuri kuliko tulipu yoyote ya dukani. Duara moja hubeba maua madogo mengi, wakati mwingine yapatayo 200, na kila moja hutoa nyuzi nyekundu zenye ncha za manjano. Nakuomba usinunue vilivyochimbwa msituni, kwa sababu kila kinachong'olewa kimekatiwa mbegu za miaka mingi.

Anza na mbegu. Matunda yakishaiva na kuwa mekundu, yaokote machache kwenye mmea ulio katika bustani ya jirani, vaa glovu, menya nyama yote, kisha zikandamize mbegu zikiwa bado mbichi juu ya mchanganyiko wa mboji na mchanga bila kuzifukia kabisa. Huenda ukangoja miaka mitatu au zaidi kabla ya ua la kwanza. Kivuli chepesi cha kihamba, chini ya migomba na kahawa, huufaa sana. Majani yakikauka wakati wa kiangazi, acha kumwagilia. Kitunguu kimelala, na maji wakati huo hukiozesha. Mmea wote una sumu, kwa hiyo majani yake yasichanganyike na nyasi unazowakatia ng'ombe wa ndani.

SWALI: Maua ya namna hii yanaonekana wapi porini hapa nchini?
Msomaji wa Sakina, Arusha

JIBU: Ukipanda Kilimanjaro au Meru, ukishapita msitu, tafuta kwenye nyasi Gladiolus watsonioides, gladiola nyekundu iliyoinamisha maua yake. Ndugu yake, Gladiolus dalenii, hupatikana sehemu nyingi za nchi na ni miongoni mwa wazazi wa gladiola zinazofungwa kwenye mashada ya harusi na misiba. Ukiweza safari ndefu, nenda Kitulo, Nyanda za Juu Kusini, mahali wanapopaita Bustani ya Mungu, kati ya Desemba na Aprili. Palitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, baada ya okidi nyingi kuchimbwa viazi vyake na kupelekwa Zambia kutengenezea chikanda, chakula kinachopikwa kwa viazi hivyo. Ndani ya hifadhi hairuhusiwi kuchuma wala kuchimba chochote, hivyo chukua kamera na daftari, uandike tarehe na kimo cha mahali ulipoliona kila ua.