Usimtoe Paka kwa Mtu Ambaye Hujaiona Nyumba Yake

Dada mmoja wa Chake Chake ameniandikia. Amekuta vitoto vinne vya paka ndani ya pakacha lililotupwa nyuma ya skuli, akavichukua, na sasa mumewe anataka vitoke kabla mwezi haujaisha. Anauliza ampe nani, maana kila anayemwendea anamwambia vipeleke sokoni vitajilea.

Sokoni havijilei, dada yangu. Kitoto cha paka hufungua macho kati ya siku ya 7 na ya 14, na mpaka kifike wiki 3 hivi hata kukojoa kinategemea mama akilambe. Ukikikuta hakina mama, chovya kitambaa katika maji ya uvuguvugu, ukifute taratibu chini ya mkia kila kikimaliza kunyonya. Maziwa ya ng'ombe usikipe, kitaharisha, na kitoto kidogo kikiharisha hakichukui muda kufa. Tia maji ya moto kwenye chupa, izungushie kanga, ilaze pembeni yao. Kisha ulizia mtaani kama kuna paka anayenyonyesha, kwani mara nyingi hukubali kunyonyesha wa mwenzake, na hakuna maziwa bora kuliko hayo. Wakifika wiki 4 waanzishie dagaa wa kuchemsha bila chumvi, uwavurugevuruge.

Hayo ni ya kuwaweka hai. Kuwapatia nyumba ndiko kulikonifunza watu.

Mimi naishi Mji Mkongwe, Unguja, na paka wa hapa kila mtu anawajua. Wamelala kwenye baraza, wanasubiri vichwa vya samaki Malindi, jioni wanazunguka meza za Forodhani. Anayewarushia kipande yupo kila kona. Wa kusema "huyu ni wangu" ndiye adimu. Nilipoanza kubeba maboksi ya vitoto nikigonga milango, wanaume wa barazani walinipa jina la Mama Paka, nikalipokea. Lililoniuma ni la wanawake wenzangu, waliosema asiyejaaliwa mtoto ndiye hukusanya mapaka. Nimelisikia nikiwa napita na boksi mkononi. Sikuwajibu, na mpaka leo nikiwapita naamkia tu, nakwenda zangu.

Nilichokiona ni kwamba ukimuuliza mtu "utachukua paka?" atakwambia hapana hata kabla hujamaliza. Muulize "utanikalia na hawa wawili mpaka Ijumaa ya wiki ijayo? Dagaa naleta mimi." Hapo anafikiri. Jirani yangu mmoja, bibi wa makamo anayekaa peke yake na ua mkubwa, alikataa paka miaka yote kwa kuhofia manyoya kwenye mswala. Nikamwomba aniwekee wawili kwa siku chache tu, uani, wasiingie ndani. Kesho yake naenda na dagaa wangu nakuta keshawapondea samaki, na mmoja kalala juu ya kanga yake aliyokuwa ameivua kuianika. Sasa yeye ndiye ananipigia simu kuuliza kama kuna wengine. Kwa mikono yake wamepita vitoto wengi wa mtaa huu, na najivunia kusema kwamba tulipoanza hakukuwa na mtu hata mmoja wa kutusaidia.

Lakini mlezi wa muda umemwona. Anayemchukua moja kwa moja ndiye wa kumchunguza. Familia moja ya Ng'ambo, watu wa heshima, wana gari, walikuja kuchukua dume wa rangi ya machungwa amfurahishe mtoto wao sikukuu. Sikukuu ikapita, paka akamkwaruza mtoto. Baada ya muda nikamkuta Darajani chini ya meza ya wauza samaki, jicho moja limezibwa na usaha. Nilimjua kwa ncha ya mkia iliyopinda. Nilipowapigia simu nikaambiwa, "Si paka tu, bibi?" Neno hilo linanikaa kifuani.

Ndugu zangu, sisi ni watu wa dini. Hadithi ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfungia paka, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie, imo katika Bukhari na Muslim, na wengi wetu tumeisoma chuoni tungali wadogo. Abu Qatada, sahaba wa Mtume, aliinamisha chombo chake cha udhu paka anywe. Basi leo tunawatia vitoto kwenye pakacha tukawatupe, halafu tunakwenda kuswali?

Kwa hiyo nenda ukaione nyumba. Kaa, kunywa chai, tazama kama kuna mbwa, kama watoto wana mkono mzito, kama mwenye nyumba ya kupanga anajua. Waulize atalala wapi na nani atamlisha wakisafiri. Usimtoe kabla ya wiki 8, ila mshikeshike na umzoeze watu tangu wiki ya tatu, maana kitoto aliyekulia bila kuguswa huwa mwoga, na mwoga hurudishwa. Awe ameshapewa dawa ya minyoo, na mpokeaji ajue kuwa akifika miezi 3 anatakiwa achanjwe kichaa cha mbwa kwa daktari wa mifugo.

Na jike simpi mtu asiyekubali kumfunga kizazi. Anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 au 5, akabeba kwa wiki 9 hivi, akazaa vitoto wanne, na wewe ukawa unanitafuta tena. Kuna mwenye duka la nafaka Mwanakwerekwe alitaka jike wa kuwinda panya, akaniambia kumfunga paka kizazi ni kumdhulumu. Nikamwambia panya hata dume anawakamata. Akanuna, akaondoka. Yule jike bado yuko kwangu na atakaa mpaka apatikane anayekubali.