Vikundi vya wanawake wa sheria viwafuate wanachama wao hadi mahakamani

Swali la wiki la ukurasa huu lilikuwa hili: kama wasichana sasa wanajaza madarasa ya sheria vyuoni, kuna haja gani tena ya kuwa na vikundi vyao peke yao? Jibu langu ni kwamba haja ipo, na ni kubwa. Nasema hivyo nikiwa wakili niliyesoma Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ninayefanya kazi Mwanza, na nikiwa mtu ambaye asingemaliza shahada ile bila kikundi cha namna hiyo.

Wanaoona havina kazi tena wanatazama idadi. Kweli idadi imebadilika. Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961, na Julie Manning alipokuwa akisomea sheria katika miaka hiyo ya mwanzo, mwanamke katika fani hii alikuwa jambo la kushangaza watu. Akaja kuwa jaji wa Mahakama Kuu, na mwaka 1975 akawa Waziri wa Sheria. Leo hakuna anayegeuza shingo akimwona msichana na kitabu cha sheria ya mikataba. Lakini kupata kiti darasani hakukupi habari, na chuo kinaendeshwa kwa habari. Wakili gani anapokea wanafunzi wa fildi, yaani mafunzo ya vitendo, na kweli anawafundisha? Desa lipi, yaani maelezo ya masomo yanayorithishwa kwa kunakiliwa, limepitwa na wakati kwa sababu sheria ilishafanyiwa marekebisho? Mhadhiri yupi hutunga maswali kutoka kwenye kesi zilizotajwa kwenye tanbihi tu? Wavulana huyapata haya wakiangalia mpira, au usiku wa manane bwenini, kutoka kwa kaka wa mwaka wa juu. Binti aliyetoka shule ya kata, wa kwanza kwao kukanyaga chuo kikuu, hana mjomba hakimu wala shangazi wakili. Atamuuliza nani?

Kikundi chetu kilikutana Jumamosi alasiri, kwenye chumba chochote cha semina ambacho kilikuwa hakijafungwa. Dada mmoja wa mwaka wa tatu alikuwa akichagua kesi moja, tunaisoma yote, hukumu nzima, si muhtasari wa kwenye desa. Naikumbuka zaidi kesi ya Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, iliyoamuliwa na Jaji Mwalusanya, Mahakama Kuu Mwanza, mwaka 1990. Bi Holaria alirithi shamba kwa baba yake kwa wosia, akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake akaenda mahakamani kusema kwamba kwa mila za Kihaya mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikakubaliana naye, Mahakama ya Wilaya ikakataa, na Mahakama Kuu ikasema mila hiyo inambagua mwanamke na haiwezi kusimama mbele ya Katiba. Mmoja wetu alikuwa mtu wa Muleba, Uhayani kwenyewe. Alieleza kibanja, yaani shamba la migomba la ukoo, likoje, nani anazikwa pale, na kwa nini ukoo unaogopa kuingiliwa na mgeni. Kwa maelezo yale tukaelewa kwamba mpwa yule naye alikuwa na hoja, na kwamba jaji alikuwa na kazi ngumu. Darasani kesi ile ilipita kwa sentensi mbili.

Baada ya kusoma, kila mtu alitakiwa asimame na kutetea upande mmoja, kwanza kwa Kiswahili, kisha arudie yaleyale kwa Kiingereza. Naomba wasomaji wasilipuuze hili. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu, lakini mihadhara na mitihani ya chuo ni Kiingereza. Wasichana wengi wenye akili kali hawanyooshi mkono semina nzima kwa kuogopa kuchekwa kwa sarufi, na mwishowe wanaamini hawana hoja. Ukishaijenga hoja yako kwa lugha unayoota nayo, Kiingereza chake kinakuja. Nimewaona watu waliokuwa wakitetemeka mwaka wa kwanza wakisimama mbele ya majaji katika mashindano ya mahakama ya kuigiza, sauti imetulia.

Kuna na jambo ambalo halisemwi kwenye mkutano wenye wanaume, hata wawe wema kiasi gani. Rushwa ya ngono. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinaitaja waziwazi kuwa ni kosa, na sisi ndio tunaosomea sheria. Hata hivyo mwanafunzi wa sheria aliyeambiwa “njoo ofisini jioni tuzungumzie alama zako” huganda kama mwingine yeyote. Kwetu alipata mtu wa kumwambia usiende peke yako, usifute huo ujumbe, andika tarehe na saa, kesho tunakwenda pamoja kwa mlezi wa wanafunzi, na ikishindikana hapo tunakwenda TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Mimi mwenyewe kwenye ofisi moja ya fildi niliambiwa kazi ya binti ni kupokea wageni na kuchemsha chai, huku wenzangu wa kiume wakipewa majalada. Nilihamishiwa kwingine kwa sababu dada mmoja wa kikundi alipiga simu asubuhi ile ile.

Sasa nivikosoe, kwa sababu navipenda. Vikundi vingi vya siku hizi vinaishi kwa makongamano. Siku ya Wanawake ya Machi ikifika wanachapisha fulana, wanamwalika mgeni rasmi, wanapiga picha, kisha kimya hadi mwaka mwingine. Sina ugomvi na sherehe, ila bumu la mwanafunzi, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, ni dogo, na mchango wa fulana ungetosha kuchapa hukumu za muhula mzima. Tena wanaonufaika na makongamano ni walewale waliokwishajua kuongea. Aliye na mtoto mchanga amepanga chumba mbali, au aliyeshika supu tatu, yaani mitihani ya marudio, na anaogopa disko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, haonekani pale. Huyo ndiye wa kutafutwa kwanza.

Kosa kubwa zaidi ni kwamba kikundi kinakufa siku ya mahafali. Ukitoka na shahada yako hujawa wakili. Sharti upite Shule ya Sheria kwa Vitendo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007 na iko Dar es Salaam. Anayetoka chuo cha Iringa au Mwanza anafika mjini hana ndugu, anatafuta chumba na nauli, ada inamsubiri, na masomo ni magumu. Hapo ndipo wengi wetu wanapokatika, na hapo ndipo hakuna kikundi chochote kinachowangoja. Wakubwa zetu waliliona hili mapema kwa upande wa mawakili: TAWLA, chama cha wanasheria wanawake Tanzania, ilianzishwa mwaka 1989 na wanasheria wanawake waliokwishaingia kazini, na msaada wa kisheria inaoutoa kwa wanawake unajulikana nchi nzima. Kati ya kikundi cha chuo na chama cha mawakili ndipo pana pengo, na kulijaza ni kazi ya sisi tuliokwishavuka, si ya wanafunzi.

Hapa Mwanza tumeanza kidogo. Mawakili wanawake kadhaa tumekubaliana kila mmoja apokee mwanafunzi mmoja wa fildi kila likizo, ampe majalada, na aende naye mahakamani. Orodha ya nafasi inakaa kwa katibu wa kikundi cha chuo, si kwetu, ili binti asilazimike kutubembeleza mmoja mmoja. Anayekwenda Shule ya Sheria tunamwunganisha na aliyeko huko tayari, wagawane chumba na vitabu. Bukoba na Musoma bado hatuna wakili wa kupokea wanafunzi. Aliye huko na anayesoma ukurasa huu, tunamwomba ajitokeze kabla ya likizo ndefu.