Plamu-mwitu, jini na mwaliko wa kuwinda

Ndugu, nimekuelewa: jirani yako huko kijijini Uingereza amekualika Januari kuwinda fezanti (ndege wa porini wa jamii ya kuku), nawe ungependa kubeba kinywaji ulichotengeneza kwa zile plamu-mwitu za uani, wanazoziita sloe. Septemba hii inaisha, basi anza sasa, maana kinahitaji miezi 3.

Ukizichuma, vaa glavu nene. Miiba ya mti wake ni mibaya. Ikivunjikia ndani ya kiungo na kidole kikavimba, nenda kwa daktari, usijichokonoe kwa sindano. Tunda usilolijua kwa hakika liache, kuna meusi yenye sumu.

Gramu 450 za matunda zigandishe usiku mmoja ili maganda yapasuke. Tia kwenye mtungi pamoja na sukari gramu 225 na jini sentilita 70 (pombe kali, gin, jini la chupa, si la mbuyuni). Tikisa kila siku wiki ya kwanza, kisha mara moja kwa wiki. Chuja. Mimi hupunguza sukari mwanzoni. Kuongeza ni rahisi, kuitoa haiwezekani. Kuloweka hivi nyumbani ni sawa, ila kutonesha pombe, yaani kuikeneka kwa mvuke, bila leseni ni kosa.

Kuhusu bunduki ya marisau, kabla ya Januari pata mwalimu akufundishe kwa sahani za udongo zinazorushwa hewani kama shabaha. Kumiliki yako kunahitaji cheti cha polisi. Ziba masikio, usifyatulie ndege anayeruka chini, na chupa ifunguliwe bunduki zikishafungiwa. Mwenyeji akimimina mapema, mwambie utakunywa baadaye. Hatanuna.