Usikubali Fundi Akutolee Balbu ya Dashibodi

Ndugu mmoja anayebeba matoke kutoka Masaka hadi Kampala ametuuliza kama fundi anaweza kuchomoa balbu ya taa ya chujio lenye matone inayomsumbua kwenye dashibodi ya Hilux yake ya dizeli. Ndugu, usikubali. Geuza ufunguo hadi ON bila kuwasha injini: taa za oili, betri na injini ziwake zote, kisha zizimike injini ikinguruma. Isiyowaka imeungua au imechomolewa. Anayenunua pikapu iliyotumika aangalie hilo kabla ya kutoa hata shilingi.

Taa unayoieleza, ya chujio lenye matone, inasema kuna maji kwenye dizeli. Dizeli ya jerikeni huyaleta, na tangi linalolala nusu tupu msimu wa mvua hukusanya unyevu. Yakifika kwenye pampu na nozeli zinazopuliza dizeli ndani ya injini yanaleta kutu, na nozeli hazina bei ya huruma. Zima injini, weka chombo chini ya chujio, legeza plagi ya chini mizunguko miwili hadi miwili na nusu, kisha bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya chujio mpaka itoke dizeli safi. Kaza plagi kwa mkono tu, koleo huipasua. Bonyeza pampu tena hadi iwe ngumu, ndipo uwashe. Taa ikirudi baada ya siku chache, safisha tangi na ubadilishe kituo cha mafuta.

Taa nyekundu ya oili haingoji ufike mjini. Simama, zima, subiri dakika kama tano, pima kwa kijiti. Kiwango kikiwa sawa lakini taa bado inawaka, gari livutwe hadi gereji. Dakika chache bila presha ya oili zinatosha kuua beringi.

Ya betri wengi huidharau kwa sababu gari linaendelea kutembea. Lakini kwenye injini nyingi za Hilux, mkanda unaozungusha alteneta ndio unaozungusha pampu ya maji. Taa ikiwaka na mshale wa joto ukipanda, mkanda umekatika: simama. Kwenye dizeli za zamani, pampu ya vakyumu ya breki nayo iko nyuma ya alteneta, hivyo pedali huwa ngumu kama jiwe. Hebu fikiria hilo kwenye miteremko ya Kabale ukiwa na mzigo.

Taa ya T-BELT, yaani ya mkanda wa taimingi ulio ndani ya injini, haipimi mkanda wenyewe. Inahesabu kilomita tu, 100,000 au 150,000 kutegemea injini. Fundi akiirudisha sifuri bila kubadilisha mkanda, amekuachia bomu: mkanda ukikatika, pistoni zinagonga valvu. Badilisha pamoja na rola yake.

Taa ya breki ikiwaka hali handibreki imeshushwa, usiongeze maji ya breki na kuendelea. Mara nyingi pedi zimeisha, au kuna mvujo.

Vumbi la muramu halina taa. Chujio la hewa lifunguliwe kila wiki kiangazi, lipulizwe kutoka ndani kwenda nje kwa upepo mdogo; la karatasi lisioshwe kwa maji. Oili na chujio lake kila kilomita 5,000, na grisi kwenye krosi (maungio) za propela, shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu, siku hiyohiyo, ukisukuma mpaka ile ya zamani itokeze.